Ampuli 28 za Shaba

Jumatatu moja ya mwezi Juni, Shaba hakuja jikoni. Kwa anayemfahamu paka huyu, hiyo pekee ni habari. Kila asubuhi Mama akishawasha mkaa, Shaba hupanda juu ya gunia la mahindi lililo karibu na mlango, anazungusha mkia miguuni, halafu anamtazama Mama bila kupepesa mpaka atupiwe vichwa vya usipa. Tunaishi Uyole, Mbeya, pale barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu, kwa hiyo usipa wa Ziwa Nyasa hawakauki sokoni, na Shaba hajawahi kuwakataa tangu nimwokote akiwa na ukubwa wa ngumi.

Nilimkuta chini ya cherehani yangu, amejikunja kwenye mabaki ya vitambaa. Nikampelekea usipa pale pale. Akawanusa, akageuza uso.

Nikamwambia Mama ni baridi. Juni huku kwetu asubuhi ukifungua mlango unakutana na ukungu, na pumzi inatoka mdomoni kama moshi, kwa hiyo maneno hayo yalipita. Lakini ukweli ni kwamba sikuamini kuwa ni baridi. Nilikuwa nahesabu. Pochi yangu ilikuwa na shilingi 31,000, na kati ya hizo 20,000 ni za mteja aliyenipa nimnunulie lesi ya gauni la kipaimara. Shule zilikuwa zimefungwa, na fundi wa sare shule zikifungwa anaishi kwa kuwekea watu zipu na kupunguza suruali. Nilipomwona paka wangu ameinamisha kichwa, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa ugonjwa gani. Ilikuwa bei gani. Nikaamua kusubiri kidogo, nikauita huko kusubiri busara.

Jumanne jirani alikuja kuchukua nguo yake, akamwona, akasema, "Huyo mpe nusu ya Panadol, ana homa huyo." Nilikuwa nazo ndani. Nilisaga nusu kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikachanganya na maji, nikamfungua mdomo. Akatema, povu likamjaa kidevuni, na kwa huruma nikaacha. Nataka hili lisomwe vizuri na kila mwenye paka: paracetamoli, ndiyo hiyo Panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama letu linavyofanya, na inaharibu damu yake isiweze kubeba hewa. Kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Nilikuwa na nia njema na kijiko mkononi, na ningemuua mwenyewe kwa ile nusu.

Mchana nikaenda duka la dawa za mifugo. Ukutani kuna picha za ng'ombe, nguruwe na kuku wa mayai. Nilimweleza kijana aliyekuwepo, akaniuliza kama paka anaharisha, nikasema hapana, akasema basi nichukue sindano ya OTC, antibiotiki ya mifugo, inatibu mambo mengi. Bei yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mkono wangu ulishaingia kwenye pochi. Kilichonizuia ni kwamba hakuwa amemwona mgonjwa, na mimi mwenyewe siwezi kukata gauni la mtu ambaye sijampima. Nikarudi mikono mitupu.

Jioni hiyo nilikuwa natandika kitambaa cheupe cha bitana mezani. Shaba alijikokota akaja kulala kwenye ncha yake, kama anavyofanya siku zote nikitandika kitu kisafi. Nilipomwinua, pale palipokuwa na pua yake palikuwa na tone la damu, jekundu, la duara, kubwa kama kifungo cha shati. Nikalitazama likitanuka kwenye nyuzi. Sikuhesabu tena.

Namba ya daktari wa mifugo nilipewa na mzee anayefuga ng'ombe wa maziwa jirani na kanisa. Nilipiga saa mbili usiku. Baada ya shikamoo nilisema kitu ambacho nilikuwa nimekikariri njiani nisije nikaona aibu: "Daktari, kabla hujaja, naomba uniambie itanigharimu kiasi gani, maana sina hela nyingi."

Hakuguna. Alisema kuja kumwangalia pamoja na sindano ya kwanza ni 25,000, na yatakayofuata ataniambia akishajua anatibu nini. Kisha akauliza, "Una kiasi gani?" Nikasema hiyo 25,000 ninayo. "Basi nakuja alfajiri. Usimpe dawa yoyote. Mfunike, na asirukeruke."

Wengi wetu tunaona aibu kuuliza bei kabla ya matibabu, kama vile anayeuliza hapendi. Mimi nilichelewa siku mbili kwa sababu ya bei ambayo hata sikuijua. Ningeuliza Jumatatu, ningejua ni 25,000, na 25,000 nilikuwa nayo Jumatatu hiyo hiyo. Ile ya lesi niligusa, ndiyo. Kesho yake nilimpigia mama mwenye gauni, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba wiki moja. Alinipa.

Daktari alifika kwa bodaboda, mabuti yana matope, ametoka kuzalisha nguruwe. Aliweka begi chini, akanawa mikono kwenye beseni la Mama, akampapasa Shaba taratibu tumboni na kifuani. Kisha akamfunua mdomo wa juu na kubonyeza fizi kwa kidole. Akaniita nione. Fizi ya paka mzima ni ya waridi. Ukibonyeza inakuwa nyeupe, ukiachia, rangi inarudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Za Shaba hazikuwa na rangi ya kurudi. Zilikuwa nyeupe tangu mwanzo, kama sehemu ya ndani ya ganda la yai.

Alimtoa damu kidogo kwenye mguu wa mbele. Alisema shingoni ingekuwa rahisi zaidi, lakini paka anayevuja damu hatobolewi mahali usipoweza kufunga bandeji. Damu akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakifumbata kiganjani kipate joto, akaketi juu ya gunia. Tukakaa. Kila baada ya dakika chache anafungua kiganja, anakiinamisha kichupa, anatazama. Zikapita dakika 20. Damu ilikuwa bado inateleza huku na huku kama juisi ya rosela.

"Nani ameweka sumu ya panya?" aliuliza.

Nikasema hatuna sumu. Ni kweli kwa nilivyojua mimi. Nikaanza kutaja majirani. Nikiwa bado naongea, Mama akainuka, akaenda nyuma ya ndoo ya unga, akarudi na pakiti iliyokunjwa mara mbili. Akampa daktari, wala hakunitazama mimi.

Mwaka huo tulivuna magunia sita, na kwa sababu hatuna ghala, yote yalilala ndani. Panya wakaja na mahindi, kama kila mwaka, ila safari hii walikuwa wengi, hata mchana unawasikia. Mama alikuwa soko la Mwanjelwa kununua vitunguu, akapita yule muuzaji mwenye spika ndogo begani, ile sauti iliyorekodiwa ambayo kila mtu mjini anaijua: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Akanunua pakiti mbili. Akaimwaga nyuma ya magunia, mbali na chakula, mbali na bakuli la Shaba. Alijua paka hawezi kula zile punje. "Nilidhani anakula wazima tu," alisema. "Panya wa sumu si anakuwa ameshakufa?"

Daktari alisoma maandishi ya nyuma ya pakiti kwa muda mrefu, akasema tumefanya vizuri kutoitupa, maana sumu za panya si za aina moja na nyingine hazina dawa ya kuzijibu. Hii ilikuwa ya aina inayozuia damu kuganda. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na sumu hii inamzuia mnyama asiweze kuitumia tena vitamini hiyo. Vile vilivyokwisha kutengenezwa vinamsukuma siku chache, ndiyo maana panya aliyekula leo hafi leo. Siku ya kwanza na ya pili bado anatembea, kisha anaanza kwenda polepole, anayumba, hakimbii. Kwa paka, huyo ni mlo rahisi kuliko wote. Shaba pengine alikuwa amekula watatu au wanne wiki iliyotangulia, na sisi tukimsifu kwa kazi nzuri. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ncha ya kanga mdomoni.

Kisha likaja suala la fedha. Daktari alichukua gazeti ninalokatia ramani za nguo, akaandika pembeni. Dawa ni vitamini K yenyewe. Sindano ya kwanza anachoma sasa hivi. Baada ya hapo ampuli moja kila siku, kwa siku 28, tutampa wenyewe mdomoni. Ampuli moja dukani ilikuwa 2,000, kwa hiyo 56,000. Atarudi mara mbili, 10,000 kila mara. Ukijumlisha na ile 25,000 ni 101,000, ukiacha nauli zangu za bajaji. Mahali penye uwezo mkubwa, alisema, paka mweupe hivi angeongezewa damu ya paka mwenzake, na wao pia wana makundi ya damu, lakini yeye hakuwa na uwezo huo, na hospitali ya wanyama ya Chuo cha Sokoine iko Morogoro, zaidi ya kilomita 600. "Njiani atakufa. Hapa ana nafasi. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Niliuliza kwa nini siku 28. Akasema sumu hizi za kisasa zinajificha kwenye ini kwa wiki nyingi. Dawa haiitoi, inamshikilia tu mpaka mwili uimalize wenyewe. "Siku ya tano utamwona mzima. Hapo ndipo watu wananiacha. Halafu wananipigia baada ya siku tatu paka amekufa."

Alipomaliza, Mama alisema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Duka la dawa za binadamu ndilo lenye ampuli hizo, kwa sababu vitamini K ni ile ile wanayochomwa watoto wachanga wakishazaliwa ili wasivuje damu. Dada wa dukani aliniuliza, kwa upole wa kweli, "Mtoto ana siku ngapi?" Nilinyamaza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikasema, "Ni paka. Amekula panya wa sumu." Dada akanitazama, kisha akainama akahesabu ampuli saba, akazifunga kwenye karatasi nyeusi, akaniambia dawa hii inaharibiwa na mwanga, niiweke gizani. Sitamsahau yule dada.

Wiki ya kwanza haikuwa na fedha ndani yake, ilikuwa na hofu tu. Nililala sakafuni kando ya boksi lake. Ampuli ni ya kahawia, ndogo, ina shingo. Unaishika kwa kipande cha kitambaa, unaivunja, inalia "tik". Ndani kuna umaji wa njano. Nilikuwa nauvuta kwa bomba lisilo na sindano, namtilia pembeni ya shavu, halafu namlambisha mafuta yaliyokaangiwa usipa, kwa sababu dawa hii huingia mwilini vizuri ikifuatana na mafuta. Siku mbili za kwanza alilamba tu. Siku ya tatu alikula usipa mmoja. Siku ya tano, kama alivyosema daktari, nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa na rangi ya waridi hafifu, na alinikwaruza. Nililia kwa ule mkwaruzo.

Sasa nifike mahali palipo pagumu, ambapo sikupategemea. Ilikuwa siku ya 15. Nilikuwa nimetumia 28,000 kwa ampuli, zilizotokana na kazi za zipu na gauni moja la kitenge. Shaba alikuwa mzima. Anakula, anaruka dirishani, anapigana na paka wa upande wa pili wa ua. Na mimi kila asubuhi navunja shilingi 2,000 kwa ajili ya mnyama asiyeonekana kuwa na tatizo lolote. Sketi moja ya shule nashona kwa 7,000. Dawa ya wiki moja ni sketi mbili, na sketi zenyewe bado hazijaja. Alipokuwa anavuja damu hakuna aliyeniuliza kwa nini. Sasa kila mtu aliuliza. Mimi mwenyewe nilijiuliza. Hakuna gharama nzito kama ya kumtibu aliyekwisha kupona machoni.

Siku ya 16 sikumpa. Ampuli zilikuwa zimeisha na nikasema nitanunua kesho, siku moja haina neno. Usiku sikupata usingizi. Saa nane niliwasha tochi ya simu, nikamfunua mdomo nikatazama fizi; saa tisa tena. Akanivumilia. Duka lilipofunguliwa asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Jumamosi ile nilipeleka jambo kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuna mfuko wa jamii, wa ugonjwa na misiba. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alipewa fedha pale ng'ombe wake alipopata ndigana kali, na hakuna aliyecheka. Tulimpa pole kama aliyeuguliwa. Niliposema paka, walicheka. Si kwa ubaya. Ndipo nikaanza kujitetea. Nikasema nina magunia sita ndani. Nikasema panya wanakula na wanachafua, na bila paka nitapoteza mahindi ya zaidi ya dawa hiyo. Nilipiga hesabu mbele yao, kwa madebe. Hesabu ilikuwa sahihi, na wengine wakaanza kutikisa vichwa, na mwenyekiti akasema, basi, kwa hoja hiyo tunaweza kufikiria mkopo wenye riba, ila siyo mfuko wa jamii.

Nilirudi nyumbani bila kuuchukua. Kilichoniuma njia nzima hakikuwa riba. Ni kwamba nilikuwa nimesema mambo ya kweli yote, lakini siyo sababu yangu. Sikuwa nimelala sakafuni siku tano kwa ajili ya mahindi. Nilimpoteza baba yangu mwaka ule niliomwokota paka huyu, na katika nyumba iliyokuwa kimya kuliko nilivyoweza kustahimili, yeye alikuwa anakuja usiku kulala juu ya miguu yangu. Hilo ndilo lilikuwa la kusema. Mbele ya wanawake 22 na sanduku lenye kufuli tatu sikuweza kulisema, nikaleta madebe.

Mama nilimweleza yote. Hakujibu. Jumatatu asubuhi nilisikia mlango, nikatoka nikamkuta na kijana wa mkokoteni, gunia la karibu na mlango limefunguliwa, lile analokalia Shaba. Wanapima. Aliuza madebe mawili, debe 15,000. Zilizobaki kununua zilikuwa ampuli 13. Akaniwekea 26,000 juu ya cherehani, na iliyobaki akanunulia mitego miwili ya chuma. Ile sumu alikuwa ameshaifagia zamani na kuifukia shimoni mbali na bustani, amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Nilitaka kusema kitu kuhusu mahindi, akanikata: "Mahindi tutalima tena."

Kuanzia siku hiyo ampuli alivunja yeye. Mikono yake ina baridi yabisi, vidole havikunji vizuri asubuhi, lakini hakuniruhusu. Alikuwa ananiita nishike tu kichwa.

Ampuli ya mwisho ilivunjwa Julai, shule zimekwisha kufunguliwa na mimi nina sketi mpaka juu ya kitanda. Baada ya hapo kulikuwa na siku tatu za kungoja bila dawa, maana kipimo kinachotoa jibu ni kile cha baada ya dawa kuacha kumshikilia. Siku ya tatu daktari alikuja alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito hata mlima Loleza haukuonekana. Alimtoa damu mguuni, safari hii Shaba akapiga kelele zilizofika barabarani, akaitia kwenye kichupa cha kioo, na kabla hajakifumbata Mama akanyoosha mkono.

Daktari akampa. Mama akakifumbata, akauingiza mkono chini ya kanga, kwapani, kwenye joto. Akaketi juu ya gunia. Mimi nilisimama na Shaba kifuani, moyo wake unapiga kwenye mkono wangu. Dakika ya pili daktari akaomba kuona: inateleza. Dakika ya nne: inateleza, ila kwa uvivu. Mama akakirudisha kwapani, akafumba macho. Dakika ya saba akakitoa mwenyewe bila kuombwa, akakiinamisha polepole kuelekea mwanga wa mlangoni, kisha akakigeuza juu chini kabisa.

Damu ilibaki pale pale.

"Imeganda," daktari alisema, akaanza kufunga begi lake. Shaba akaruka kutoka mikononi mwangu kwenda jikoni. Mama alikuwa bado amekishika kile kichupa juu ya mwanga, anakigeuza, anakigeuza tena.